Chale za Mikrismasi

Mie ni muoga. Wanaonijua kule Temeke watacheka wakisoma hivi, kwa sababu wao wananijua kwa mdomo, na wengine wananijua kwa ngumi. Lakini ngumi ni jambo la dakika moja. Woga ninaousema ulinikaa wiki nzima, nikala nao, nikalala nao, na chanzo chake ni ndoo ya chokaa.

Nilikuwa kibarua wa bustani. Ile bustani waliipanda wakoloni enzi zao: mikrismasi pande mbili za njia, miti ya mikungu nyuma yake kando ya ukuta, na benchi za saruji ambazo mtu mweusi alikuwa hazikalii. Baada ya Uhuru tukazikalia. Shida, miti nayo ilikuwa imezeeka. Mkrismasi ni mti wa sifa. Mwezi wa kumi na mbili unawaka mwekundu mpaka watu wanasimamisha baiskeli, lakini mbao yake laini, mchwa wanaipenda, na ukishafika umri wake unaoza kuanzia ndani huku nje unachanua kama bibi harusi. Kazi yetu ilikuwa kuitunza inayotunzika, na iliyokwisha kuiondoa tawi kwa tawi, halafu kuchimba shimo palepale na kuweka mche mpya kutoka kwenye makopo ya kitalu.

Sikuisomea kazi hiyo popote. Shule niliachia darasa la nne. Majina ya miti niliyasoma mwenyewe kwenye vibati vya Kizungu vilivyopigiliwa kwenye mashina, nikawa nayanakili kiganjani kwa kalamu, nikifika nyumbani nayaandika ukutani kwa mkaa. Mengine yote nilifundishwa na Fundi.

Fundi ndiye aliyekuwa mpanda miti wetu, wa kukwea na shoka. Mtu wa kusini, ana chale za kwao usoni, umri umeshapita arobaini, miguu imekomaa kama magome. Nilikuwa nakaa chumba cha nyuma nyumbani kwake Keko, pamoja na mkewe ambaye nilikuwa namwita shemeji. Mwaka wangu wa kwanza nilimpiga kibao mtunza stoo kwa sababu aliniita mshamba mbele ya watu. Msimamizi akataka nifukuzwe siku hiyohiyo. Fundi akavua mkanda wake wa kupandia, akauweka mezani, akasema, "Akitoka huyu, natoka na mie." Basi. Kuanzia hapo mtu akimsema Fundi ajue amenisema mie, na ajiandae.

Sasa sikiliza Fundi alivyofanya kazi, maana bila hili hutaelewa niliogopa nini. Kila kiangazi, ardhi ikishakauka, alikuwa anazunguka bustani nzima na kugonga kila mti kwa mgongo wa shoka, sikio limelala kwenye gome. Masika au vuli hagongi. Alisema mti uliolowa unadanganya, uliooza na mzima inatoa sauti ileile. Akishausikia mti anauchanja kwa panga usawa wa kifua, upande wa njia, halafu anapaka oili chafu kwenye kidonda ili mchwa wasiingie. Chale moja maana yake mti unapandika. Chale mbili maana yake usipande, funga kamba uvutie chini. Fundi alikuwa hajui kuandika, na daftari la msimamizi lilikuwa na idadi ya miti tu. Daftari lenyewe lilikuwa zile chale.

Mwaka ule mama yake Fundi akafariki. Akaondoka kwenda kuzika, akakaa kusini wiki tatu. Huku nyuma ikaja habari: sherehe ya Uhuru mtaani kwetu itafanyika bustanini, na mgeni rasmi atapanda mche kwa mkono wake. Msimamizi akapagawa. Akaitisha mkutano na mabalozi wa nyumba kumi kumi, akataka kila shina lipakwe chokaa mpaka usawa wa kifua. Nani akasimama na kusema sie tutaipaka yote kwa siku moja? Mie. Nilipigiwa makofi.

Jumamosi wakaja watu wa kujitolea, wanawake kwa wanaume, kila mtu na ndoo na brashi ya makumbi. Tulianza vizuri, tunaimba. Halafu mama mmoja kibonge, muuza mkaa, akasimama mbele ya mkrismasi akauliza, "Hivi hizi chale za nini?"

"Alama za kazi," nikamwambia.

"Kazi gani ya kuuchanja mti? Unaumwa kichwa?"

Watu wakacheka. Mzee mmoja aliyekuwa anakoroga chokaa akadakia, "Anazichanja yule bwana wa kusini. Na dawa nyeusi anapaka. Nimemwona kwa macho yangu, anauwekea mti sikio, anazungumza nao."

"Ile ni oili chafu, mzee wangu."

"Oili ya nini? Mti una injini?"

Wakacheka tena, lakini cheko la pili lilikuwa dogo, na mama mmoja akamvuta mwanawe kutoka kwenye shina. Balozi mmoja akasema si vizuri mgeni rasmi kukuta mambo haya, na kwamba siku hizi serikali inakataza, na kwamba hata hivyo alikuwa anataka siku nyingi kuuliza kikaoni yule bwana anafanyaga nini huku asubuhi asubuhi peke yake.

Nikachemka. Nikatupa brashi chini. "Atakayemwita Fundi mchawi tena, hii chokaa ataimeza."

"Nani kamwita mchawi?" akasema yule mama wa mkaa. "Neno umelileta wewe."

Hapo ndipo nilipoogopa mara ya kwanza. Kulitaja neno ni rahisi. Kulirudisha hujui utamfuata nani, na linalala wapi. Nilikuwa nimewahi kuona nyumba ya mtu inavyopigwa mawe kwa neno kama hilo. Fundi yuko kusini anamlilia mama yake, na huku mtaa unamtengenezea kesi. Nikaona dawa ni moja: zile chale zisionekane. Na oili ilikuwa inatoboa chokaa, kila ulipopaka doa jeusi linarudi. Nikachota udongo wa kichuguu pale ukutani, nikaukanda na chokaa, nikawa napita nyuma ya watu naziba. Naziba, nasawazisha kwa kidole gumba, napaka juu. Mpaka jioni miti ilikuwa laini, myeupe, haina kovu. Si zote nilizoziba vizuri. Mwishoni mikono ilikuwa imechoka, na mvua ya vuli ilikuwa inatishia, kwa hiyo pengine niliziba moja nikaiacha mwenzake ipate chokaa tu. Niliziba ngapi, kwenye miti gani? Sikuhesabu. Nilijiambia Fundi anaijua miti yake.

Fundi akarudi Jumatatu, amekonda, amenyoa kichwa. Akasimama getini akaiangalia miti.

"Mmeivika kanzu," akasema. "Inakwenda msikitini?"

Nikacheka. Nilipaswa kusema palepale. Lakini ili nimwambie nimeziba, ingebidi nimwambie kwa nini, na kwa nini yenyewe ni kwamba watu aliowapandia vivuli miaka kumi wanasema anaroga. Mtu ametoka kumzika mama yake. Nikasema kesho. Kesho nikasema kesho. Nikawa naamka usiku kuangalia kama mvua imepiga, labda itaosha udongo. Haikuosha. Chokaa yangu ilikuwa nzuri.

Alhamisi msimamizi akaja na amri. Mikrismasi miwili ya karibu na geti iondoke kabla ya Jumapili, maana mgeni atapanda pale. Fundi akaenda kwenye wa kwanza, akapitisha kucha ya kidole gumba kwenye chokaa usawa wa kifua. Mie nimesimama nyuma yake.

"Mbili," akasema. "Huu wa chini."

Tukaufunga kamba za katani, tukauvuta, ukaanguka salama. Nikashusha pumzi. Nikasema kumbe vidole vyake vinaona, kumbe nilijitia hofu bure.

Wa pili akapitisha kucha. Akapitisha tena. "Moja," akasema, akaanza kujifunga mkanda.

Angegonga, lakini ilikuwa vuli, shina limelowa, na yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba vuli mti unadanganya. Aliiamini chale yake. Angeitiliaje shaka? Aliikata kwa mkono wake.

Nikafungua mdomo. Msimamizi yuko nyuma yetu na saa yake. "Haya ndugu zangu, muda huo." Na mie, ambaye sijawahi kukosa neno hata msibani, ulimi ukakauka. Nikasema moyoni, huenda huu ulikuwa na moja tu. Huenda. Fundi akapanda, peku, kama anapanda ngazi ya nyumbani kwake, akapitisha kamba kwenye tawi la juu, mkia wake akaniachia mie chini niushike.

Shoka la kwanza likashusha unga. Si vumbi la gome, unga, mwepesi, wa rangi ya kahawia, ukanitua midomoni. Unga wa mchwa.

"Fundi," nikaita, "shemeji anakuita getini."

"Mwambie niko kazini."

"Anasema ni haraka."

"Shemeji yako saa hizi yuko sokoni. Una nini wewe?"

Akapiga la pili. Nikalisogelea shina, kamba nimeizungusha mkononi, nikatoa kisu changu cha mfukoni nikaanza kukwangua chokaa pembeni ya ile chale aliyoipata. Kipande cha udongo kikatoka kizima, kama andazi kutoka kwenye kikaango. Chini yake kukawa na oili nyeusi inang'aa.

"Fundi," nikasema. "Ziko mbili."

Shoka likanyamaza. "Unasemaje?"

"Ziko mbili. Niliziba mie. Niliziba kwa udongo."

"Umeziba nini?" msimamizi akauliza.

Fundi akazungumza polepole, kwa sauti ya mtu aliye chumba kimoja na mtoto aliyelala. "Achia kamba. Usiivute. Usiuguse mti." Nikaachia. "Shina limeshalia hapa ninapokanyaga. Nikishuka litapasuka. Ule mkungu wa pembeni, una chale ngapi?"

Sikujua. Huko nako nilipita na udongo wangu.

Nikakimbilia mkungu. Nikakwangua kwa kisu, kisu kikaanguka, nikakwangua kwa kucha. Nikaipata moja. Nikakwangua juu yake, chini yake, kushoto, kulia, upana wote wa shina, mpaka chokaa ikachanganyika na damu ya vidole vyangu. Moja. Sikuviamini tena vidole vyangu. Nikarudia upya.

"Ngapi?" Fundi akauliza.

"Moja."

"Usiniambie ninachotaka kusikia."

"Moja, Fundi. Nimekwangua pote."

"Basi chukua kamba nyingine, panda."

Nilikuwa sijawahi kupanda mti wa kazi hata siku moja. Mie nilikuwa mtu wa chini, mtu wa kelele. Nilipanda nimeukumbatia kama mlevi anayekumbatia nguzo, na kila tawi nililoshika niliuliza kwa sauti, "Wewe mzima? Wewe mzima?" Nilifika kwenye panda ya matawi, nikazungusha kamba kama alivyonielekeza, mara mbili, nikakaa. Tulikuwa tunatazamana sasa, labda hatua nane kati yetu, kila mtu na mti wake. Uso wake ulikuwa umelowa jasho. Sikuwahi kudhani naye anaogopaga.

"Usiniangalie mie," akasema. "Angalia mkono wangu."

Nikarusha kamba. Ikaanguka chini. Nikaivuta, nikarusha. Ikamgusa bega ikateleza. Ya tatu akaidaka, akaipitisha chini ya makwapa, akafunga fundo moja, na alikuwa anafunga la pili shina lilipopasuka. Halikutoa mlio mkubwa. Ilikuwa kama mtu anayefungua mlango mzito uliovimba kwa mvua. Mti ukaenda na maua yake yote, na Fundi akaenda upande wangu. Kamba ikanichuna viganja, ikabana kwenye panda, ikashika. Akabembea, akapiga bega kwenye shina la mkungu, akabaki ananing'inia usawa wa mlango, kichwa kimeinama.

"Fundi."

Kamba ikamzungusha polepole.

"Fundi, nijibu."

"Nishushe," akasema, "kabla hujalia."

Nilipofika chini watu walikuwa wamejaa. Suruali yangu ilikuwa imelowa, na mvua ilikuwa haijanyesha. Fundi amekalishwa, mkono mmoja ameukumbatia na mwingine. Msimamizi alikuwa ameshatoa daftari lake. "Nimesema siku nyingi," anawaambia watu, "huyu mzee hawezi tena. Anapanda mti mbovu mchana kweupe."

Siku nyingine yoyote daftari lile lingekwenda kuokotwa barabarani. Nikamshika mkono, na nikashangaa navyomshika kwa adabu. "Andika mie, bwana. Chale nimeziba mie, kwa sababu watu walisema ni uchawi. Alisema balozi, alisema yule mama, na mie badala ya kumweleza mtu nikaziba. Yeye hana kosa."

Watu wakaangalia chini. Yule mama wa mkaa akajifunga khanga upya.

"Chokaa niliagiza mie," akasema msimamizi, na akaacha kuandika. Nadhani alikuwa ameanza kuhesabu makosa yake mwenyewe.

"Na miti mingine?" Fundi akauliza pale chini.

"Mingine ipi?"

"Yote. Hatujui tena ipi mizima ipi mibovu, kuikwangua yote hatuwahi, na Jumapili mnaweka watu chini yake."

Msimamizi akaangalia njia nzima, mashina meupe pande mbili, maua mekundu juu. Alitaka kusema kitu kuhusu mgeni. Mwisho akasema, "Viti vitawekwa juani."

Hospitali wakasema ni mtulinga, ule mfupa wa juu ya bega, umevunjika. Shemeji alipotukuta nyumbani akauliza imekuwaje, na Fundi akasema mti ulikuwa mbovu. Hakunitazama. Shemeji akanipakulia ugali wa kwanza, kwa kuwa ameambiwa njiani kwamba mie ndiye niliyerusha kamba. Sikuweza kula. Nikamwambia yote, tangu chokaa.

Alikaa na mwiko mkononi. "Kula kwanza," akasema. "Sasa hivi bado naogopa, hasira sijazifikia."

Alizifikia Ijumaa. Sitaandika alichoniambia. Alikuwa na haki.

Jumapili viti vikawekwa uwanjani katikati, mbali na kila tawi. Jua la mwezi wa kumi na mbili mnalijua. Wageni walijifunika kwa vitambaa, wanafunzi wa gwaride walianguka wawili, mgeni rasmi alipanda mche wake kwenye shimo tulilochimba, akaumwagia maji, akasema maneno kuhusu kizazi kipya, watu wakapiga makofi upesi ili yaishe. Sikusikia hata neno. Nilikuwa naangalia juu. Upepo ulikuwa umeanza, upepo wa kawaida tu, na kila tawi lililotikisika nilihisi nimelisukuma mie.

Ndipo nikamwona mama mmoja, mgeni kwangu, ametandika mkeka chini ya mkungu wa mwisho kabisa, na watoto watatu, mmoja ananyonya. Nikaenda mbio.

"Mama, samahani, hapo hapakaliwi."

"Hapakaliwi na nani?"

"Na mtu yeyote. Leo watu wanakaa kule."

"Kule juani? Na huyu?" Akanionyesha mtoto. "Kwani kivuli cha baba yako?"

Watu wa karibu wakageuka. Wananijua. Walisubiri nimjibu, wengine walikuwa wameshaanza kutabasamu. Nikachuchumaa mbele yake.

"Mama yangu, mti huu siujui. Nilikuwa naujua, nikauharibu. Nakuomba."

"Umeuharibu vipi? Mbona umesimama?"

"Nakuomba, mama. Nitakubebea mkeka."

Aliniangalia kama anayemwangalia mgonjwa. Nikadhani atanitukana tena. Akanyanyuka, akaniwekea mtoto mkubwa mkononi, akakunja mkeka mwenyewe, akanifuata mpaka juani huku anasema, ili kila mtu asikie, kwamba siku hizi bustani zimepewa wendawazimu. Niliwasimamia yeye na wanawe mpaka hotuba zikaisha, nimewakingia jua kwa mgongo, maana hicho ndicho kivuli pekee nilichokuwa na uhakika nacho.

Hakuna tawi lililoanguka siku ile. Kiangazi kilipofika, Fundi akazunguka na shoka mkono wa kushoto, mie mbele nakwangua chokaa kwa makumbi na maji, yeye nyuma anagonga na kusikiliza. Tulipata mibovu minne ambayo sikuikumbuka kabisa. Mkungu wa yule mama ulikuwa mzima, wa chale moja. Fundi alinipa panga nimchanjie, kwa sababu bega lilikuwa halijarudi, nikachanja, nikapaka oili, halafu nikamwomba agonge tena.

"Nimeshagonga," akasema.

"Gonga tena, Fundi."

Akagonga.